Kwa Nini Fimbo ya Maji Hulazwa Chini

Tulieni niwaambie. Zamani fimbo ya maji ilikuwa haigusi ardhi. Ilitoka kiganjani mwa mtu mmoja ikaingia kiganjani mwa mwingine, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na sisi wa nje tukaisikia habari yake asubuhi kama mtu asikiavyo kwamba mvua imenyesha ng'ambo.

Nyakati hizo mlima wetu wa Kivumba ulikuwa na ndiva moja tu, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya chemchemi usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yashuke mferejini. Watu wa Ngofi waliishi juu, karibu na ndiva. Sisi wa bondeni tuliishi mwisho wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yamechoka. Aliyeamua nani afunguliwe kwanza alikuwa Mshika Fimbo.

Mtu huyo alipatikanaje? Kila rika jipya la vijana lilipotoka jandoni, watu wote waliitwa uwanjani kuchagua wazee tisa wa maji. Wenye kuutaka uzee huo walisema maneno yao, na kila mtu, mume kwa mke, akaenda kusimama nyuma ya yule aliyemridhia. Kisha wale tisa walijifungia, wakampa mmoja wao fimbo. Lakini msidanganyike. Kila mtu alijua mapema fimbo itakwenda kwa nani, maana mwenye kuitaka alitangulia kulinadi neno lake, na wenzake wakajibanza chini ya neno hilo kama vifaranga chini ya mbawa za mama yao.

Katika rika ninalowasimulia, neno lilikuwa la Mrindoko. Alisema, "Wakati wa kiangazi, bonde litangulie kunywa." Alisema hayo tu, akaketi. Watu wa bonde wakapanda mlima na watoto mgongoni, wakasimama nyuma ya Mrindoko na wenzake mpaka uwanja ukaelemea upande mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Nakiete.

Nakiete alikuwa mjane, mwenye shamba la maharage na migomba pale pale mfereji unapoishia. Hakuwa msemaji. Alikuwa na binti mmoja, Namsifu, aliyeolewa Ngofi na Kalutu, na huyo Kalutu alikuwa mmoja wa wale tisa.

Mrindoko alilishika neno lake kiangazi kimoja. Kabla cha pili hakijaingia, wenzake wakamgeuka. Wengine husema alikuwa mkali kupita kiasi, wengine husema ng'ombe wa wakubwa wa Ngofi walikosa majani mabichi. Lililo wazi ni kwamba aliingia kikaoni na fimbo, akatoka mikono mitupu. Kulipopambazuka, pembe ikapigwa: Mshika Fimbo ni Kalutu. Na siku hiyo hiyo zamu ikageuzwa, Ngofi kwanza, bonde baadaye.

Kalutu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu wapo wasimuliaji wanaompaka masizi. Alikuwa na hoja yake. Aliona kwamba maji yakishuka bondeni mchana wa kiangazi, mengi hunywewa na mchanga njiani. Afadhali yanyweshe mashamba ya karibu, na chakula kikivunwa kigawanywe. Pengine aliona sawa. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amesimama uwanjani nyuma ya hoja hiyo.

Maharage ya bonde yakaanza kunyauka yakiwa na maua. Watu wakawatuma wazee wao kwenda kuuliza, na aliyewajibu alikuwa Senzota, mkubwa wa wale tisa kwa umri.

"Nyinyi mlichagua tisa, na tisa tupo," alisema. "Nani kati yetu amekufa? Tukimbadilisha anayetangulia, hilo ni la ndani ya nyumba yetu. Au mnataka tuite uwanja kila mtu anapoumwa tumbo? Mtalima lini?"

Wazee wa bonde wakarudi wameinamisha vichwa, kwa kuwa jibu lile lilikuwa na uzito. Ndivyo desturi ilivyokuwa. Nakiete alikuwa akipepeta ulezi walipomsimulia. Akauweka ungo chini.

"Jibu tamu," alisema. "Ila maharage yangu hayalinywi."

Alfajiri akapanda mlima peke yake. Pale maji yanapotoka kwenye ndiva, mfereji ulikuwa mwembamba, mtu mzima akiketi anauziba. Nakiete akashuka humo, akaketi, akalipa lango mgongo, akanyoosha miguu. Mfungua lango hakumwona. Akavuta gogo lililoziba lango, na maji ya usiku mzima yakamjia mgongoni kwa kishindo. Hakuondoka. Alishika kingo kwa mikono miwili, meno yakigongana kwa baridi, na maji yalipokosa njia yakapanda ukingo na kumwagika kwenye ulezi wa watu wa Ngofi. Yule mtu aliposikia kelele za wenye mashamba, akarudisha gogo mbio mbio na kwenda kumwita Mshika Fimbo.

Kalutu akaja na wenzake wanane na vijana wenye misuli, fimbo mkononi. Alipoona ni nani aliyeketi mle, akasimama ghafla. Kwa mila zetu, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, wala hasimami mbele yake ameshika fimbo kana kwamba yu tayari kumchapa. Kalutu akageuza uso, akailaza fimbo chini, akarudi nyuma ya migomba. Aliilaza kwa adabu tu. Hakuwa na maana nyingine. Vijana nao wakatazamana. Nani angemshika kiunoni mama mkwe wa Mshika Fimbo, mwenyewe akiwapo?

Ikabidi aitwe Namsifu asimame katikati, apeleke maneno huku na huku.

"Mwambie mama atoke," Kalutu alisema kutoka migombani. "Atapata baridi ya mapafu. Nitalifungulia shamba lake peke yake, leo hii."

Namsifu akamgeukia mama yake. "Mama, anasema utoke, atalifungulia shamba lako."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mkwe wangu sikuja kuomba maji. Nimekuja kuulizwa."

Senzota hakuwa mkwe wa mtu pale, akasogea mpaka ukingoni. "Uulizwe nini, mama? Ulikwisha kuchagua. Kazi yako iliisha siku ile."

Nakiete akamtazama. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, lakini sauti haikutetemeka.

"Mzee wetu, mume wangu alipokufa, wewe ulikuwapo. Ukoo uliniketisha mkekani ukaniuliza, katika ndugu za marehemu unamtaka nani, au humtaki yeyote. Nikasema simtaki yeyote, na mkakubali. Hakuna aliyeniambia, ulikwisha kuolewa katika ukoo huu, kwa hiyo wa pili tutakuchagulia sisi. Mimi mjane mmoja niliulizwa. Bonde zima lisiulizwe?"

Watu waliokwisha kukusanyika wakaguna. Senzota akainama aiokote fimbo.

"Iache!" Nakiete alipiga kelele, na hapo ndipo wengi waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana sauti. "Iache hapo ilipo! Udongo huo tumeuchimba sote, wa juu na wa chini. Waite waliouchimba, waiokote wao."

Mkono wa Senzota ukabaki hewani. Hasira ikampanda, akamgeukia Namsifu. "Mke wa Mshika Fimbo, mtoe mama yako. Usipomtoa, ufuatane naye kwenu, usirudi Ngofi."

Namsifu alisimama. Nyuma ya migomba alikuwapo mumewe. Mbele yake alikuwapo mama yake, maji yanamchuruzika. Akakusanya nguo yake, akashuka mferejini, akaketi.

"Mimi nalala Ngofi na maji ya Ngofi yananifikia," alisema. "Lakini na mimi nilisimama uwanjani. Nilisimama nyuma ya neno la Mrindoko, mume wangu akiwa chini ya neno hilo hilo. Lilipobadilishwa, hata mimi ninayempikia sikuambiwa."

Wanawake wa Ngofi waliposikia hivyo, mmoja akashuka, kisha mwingine. Walikuwa na maji mashambani, hawakuwa na kiu. Wakaketi hivyo hivyo. Jua lilipopanda wakafika wanawake wa bonde, na waume zao nyuma yao, na mfereji ukajaa watu kutoka langoni hadi kwenye kona ya kwanza. Wakati wote huo lango lilikuwa limefungwa, na chemchemi haijui ugomvi wa binadamu. Maji yakazidi kupanda ndani ya ndiva. Ukuta wa udongo ukaanza kutoa jasho, na nyumba za Ngofi zilikuwa chini yake.

"Waburuzeni wote!" Senzota alisema. "Ukuta ukipasuka tumekwisha."

Hapo Kalutu akatoka migombani, uso ameugeuzia pembeni. "Mzee, hakuna wa kuburuzwa. Tangu mnipe fimbo hii mlango ukiwa umefungwa, nikipita watu huisalimu fimbo, mimi hawanisalimu. Neno langu ni zuri, naliamini. Basi kwa nini naogopa kulisema mbele yao? Pigeni pembe, watu waulizwe."

Pembe ikapigwa. Watu wakatoka mferejini, lango likafunguliwa, ukuta ukapona. Fimbo ikabaki palepale udongoni, na uwanja ukawa huko huko kando ya ndiva. Mrindoko aliombwa asimame tena, akakataa, alisema amechoka. Bonde likamsimamisha Mbonea, mtu wa kwao, kwa neno lile lile la zamani. Kalutu naye akasema lake waziwazi, habari ya mchanga na maji yanayopotea. Watu wakamzomea, wakambana kwa maswali, naye kwa kubanwa akatoa jambo ambalo kikao cha watu tisa hakikuwahi kulifikiria: mchana wanywe Ngofi, na usiku, mchanga ukiwa umepoa, maji yote yashuke bondeni.

Watu wakajipanga. Ngofi wengi wakaenda kwa Kalutu, na hata wa bonde baadhi yao wakaenda kwake kwa ajili ya maji ya usiku. Nakiete alisimama nyuma ya Mbonea, na nyuma ya Mbonea watu walikuwa wachache. Kalutu ndiye aliyeshinda. Watu wakaiokota fimbo, wakaipitisha mikononi mwao mmoja baada ya mwingine, wakampa.

Wote wakamtazama Nakiete, wakidhani atarudi kuketi mferejini. Yeye alikuwa akikamua maji kwenye pindo la nguo yake. Akamwita binti yake.

"Mwambie mkwe wangu nimeshindwa, na silii. Maharage yangu mengi yamekufa, hilo nalo silii. Kesho nitakuja na jembe kuzibua mfereji kama wengine, kwa kuwa safari hii nimeulizwa. Na neno lake la maji ya usiku nimelisikia kwa masikio yangu. Akiligeuza, au akimwachia mwingine aligeuze, mgongo wangu bado ninao."

Kalutu, uso ameugeuza, akaitikia, "Nimesikia, mama."

Na tangu siku hiyo, Mshika Fimbo akifa, akichoka au akiondolewa na wenzake kabla rika jipya halijatoka jandoni, fimbo hulazwa chini mbele ya lango la ndiva. Wazee wa maji hufungua na kufunga lango kwa zamu iliyokuwapo, wasiongeze wala kupunguza, na hakuna hata mmoja wao anayethubutu kuigusa fimbo mpaka watu wa juu na wa chini waitwe waulizwe. Kila kizazi hutokea wakubwa wanaosema kwamba uwanja unachosha watu, kwamba waliochaguliwa bado wapo, kwamba fimbo ikilala chini nchi haina mwenyewe. Hatuwakatazi. Hoja zao ni nzuri. Waje waziseme uwanjani.