Panya Wawili wa Bibi Rut

Udongo uwahi ungali maji. Maana yake ni kwamba jambo lipewe umbo wakati linapokubali kupewa, kwani likishakauka, hata ulibembeleze halipindiki. Pale Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake ni wafinyanzi, na kila mmoja amewahi kuujutia udongo aliouacha juani akaenda kupiga soga. Hawakuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Aliyehitaji alikuwa mvuvi mmoja tu, Lameck, na mfafanuzi alikuwa mama yake mzazi, Bibi Rut, akisaidiwa na panya wawili.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Vita vya Hitla kwisha. Mwalimu Andrea wa shule ya misheni kule Mwaya alitangaza kanisani kuwa Jumapili ijayo angepita nyumba kwa nyumba na daftari la kuandikisha wasichana. Masharti yalikuwa mawili: msichana asiwe ametimiza miaka kumi na minne, na baba yake aweke dole gumba. Tusekile, binti wa Lameck, alibakiwa na miezi mitatu tu kuitimiza. Jumapili hiyo ikimpita, shule ingekuwa hadithi ya watu wengine.

“Asubiri miaka miwili, atulie,” alisema Lameck. “Kichwa cha umri huu ni ndege mdiria juu ya maji, mara huku, mara kule. Juzi nimempa alinde dagaa wa usipa waliokuwa wanakauka. Kunguru wamekula nusu, yeye anachora herufi za sanduku la sabuni kwenye chungu kibichi.”

“Alizichora vizuri,” alisema Rut.

“Mama, mimi nazungumzia kunguru.”

Tusekile aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Rut hakubishana. Alikuwa amezika waume wawili, na wote wawili alikuwa amewashinda kwa maneno bila kuwageuza, hivyo alijua kwamba udongo mkavu haupigwi ngumi. Hulowekwa.

Jumatatu alitega mitego penye mpunga, akapata panya wawili. Mmoja alikuwa mkongwe, sikio limeraruka, mwendo wa heshima. Rut akambatiza Mzee wa Baraza. Wa pili alikuwa barobaro, si mtoto si mtu mzima, masharubu yamemtangulia akili. Kila mmoja alimtia katika chungu kikubwa kilichosuguliwa kwa kokoto hadi kikang'aa, ili asipate pa kukwea. Ndani ya kila chungu aliweka vibakuli viwili vilivyojaa pumba, kimoja laini, kingine chenye michoro. Kichwa cha usipa alikifukia ndani ya kile chenye michoro.

“Atakipata kwa harufu,” alisema Lameck, aliyekuja kucheka akabaki kutazama.

“Vyote viwili nimevipaka usipa. Tena kila mara navibadilisha upande. Hana cha kufuata ila michoro.”

Kwa siku tatu panya walijifunza. Kufikia Jumatano jioni, wote wawili walikwenda kwenye michoro moja kwa moja kama waumini kwenye kengele. Mzee wa Baraza hakukosea hata mara moja, na Lameck alijivuna utadhani ni baba yake mdogo. “Unaona utulivu wa mtu mzima?”

“Nauona,” alisema Rut. Alhamisi akahamishia usipa kwenye kibakuli laini.

Mzee wa Baraza alikwenda kwenye michoro, akafukua, hola. Akarudi, akafukua tena. Mara kumi alifukua palepale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Barobaro alifukua mara mbili tu. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akapangusa masharubu, akaenda kwenye kibakuli laini. Tangu hapo hakurudi kwenye michoro.

“Bahati,” alisema Lameck. “Mpigie kelele uone, atasahau hata ukoo wake.” Akachukua kafi, akagonga chungu ngo! ngo! Barobaro aliruka, akachezesha masikio, kisha akaendelea na safari yake kwenye kibakuli laini.

“Kichwa kinachorukaruka ndicho kinachogeuka,” alisema Rut.

“Panya ni panya, mama. Mtu ni mtu.”

“Kweli kabisa, mwanangu,” Rut aliitikia, kwa sauti tamu ambayo ingepaswa kumtia Lameck hofu.

Lameck alikuwa na mazoea yake. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, alitumbukiza mkono katika kijungu laini kando ya mlango akachota karanga za kukaanga. Jirani na kijungu hicho kilikaa kingine chenye michoro, cha udongo mwekundu wa kupaka vyungu. Ijumaa, Rut alibadilisha vilivyomo. Lameck akachota, akatia kinywani, akatema nyekundu hadi uani.

“Karanga nimezihamishia kwenye michoro,” Rut alimwambia waziwazi.

Jumamosi akatema tena.

Jumapili Mwalimu Andrea alifika na daftari lake kwapani. Lameck alisimama mlangoni katika kanzu nyeupe, jibu lake amelipanga tangu alfajiri. “Mwalimu, ndaga, asante kwa kuja. Huyu mtoto asubiri kwanza kichwa kitulie…” Huku akisema hivyo, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kijungu laini, ukachota, ukapeleka kinywani.

Mwalimu Andrea alitazama midomo ile myekundu, akatazama chini kwa adabu.

Tusekile alinyoosha mkono kwenye kijungu chenye michoro, akampa baba yake karanga. “Ziko huku tangu Ijumaa, baba.”

“Nani alikuambia?”

“Hakuna. Nilikosa kule, nikatafuta huku.”

“Mwanangu, hiyo ni mara ya ngapi?” Rut aliuliza.

“Ya tatu,” alisema Lameck kwa sauti ndogo.

“Usivunjike moyo. Mzee wa Baraza alifika kumi.”

Lameck alijaribu kukunja uso, lakini kicheko kilimponyoka, kikainyunyizia kanzu yake madoa mekundu. Akacheka hadi akashika nguzo. Mwalimu, naye akijizuia kwa shida, alianza kupapasa mifuko akitafuta wino.

“Uache wino wako, Mwalimu,” alisema Lameck. “Dole liko tayari.”

Akaligandamiza kwenye daftari. Katika ukurasa wote wa madole meusi, la baba yake Tusekile peke yake lilikuwa jekundu.

Jioni ile Rut alivitoa vyungu na vibakuli vyake uani, mbali na mpunga, akawafungulia panya. Barobaro alitokomea majanini bila kuaga. Mzee wa Baraza alizunguka, akarudi, akaanza kufukua kwenye kibakuli cha michoro. Rut akamtilia kichwa cha usipa kwa huruma, kisha akaingia ndani kumfungia mjukuu wake mzigo wa Mwaya. Naam, udongo uwahi ungali maji.