Pimbi na Mawe ya Msingi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wanasoma chuo kikuu na binadamu hajajua hata kufunga kamba ya kiatu, kulikuwa na chuo kimoja juu ya kilima cha mawe. Wewe uliye nyuma, usicheke. Kilikuwa na madarasa, kantini, na kengele ya kugongwa, ngwee! ngwee! Na katika chuo hicho alisoma Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia.

Pimbi alisomea usimamizi wa miradi. Si somo la mchezo hilo. Unafundishwa kupanga kazi kabla hujaishika: ipi itangulie, ipi isubiri, nani afanye nini, na mvua ikiwahi utafanyaje. Pimbi alilipenda mno somo lake. Lakini mwaka huo usingizi ulimpaa na uji wa asubuhi ulimshinda kumeza, kwa sababu ya hofu moja tu: kudisko. Ndivyo wanachuo walivyoita kufukuzwa masomo.

Mwaka uliopita kundi lake lilizembea, mradi ukafa, wote wakafeli. Pimbi akaambiwa, ukifeli tena, funga mkoba wako urudi kwenu. Na huko kwao mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ndiye pimbi wa kwanza kufika chuo kikuu. Angerudi na uso gani?

Siku moja Profesa Korongo aliingia darasani, akasimama kwa mguu mmoja kama kawaida yake.

"Kazi yenu ya mwisho," alisema, "ni kivuko cha mawe pale mtoni. Kila masika kina Kanga na vifaranga vyao hukwama ng'ambo, hawafiki sokoni wala zahanati. Nataka kivuko atakachopita mdogo na mkubwa. Kazi ni ya kundi. Mkifaulu, mmefaulu wote. Mkifeli, mmefeli wote."

Kisha akasoma makundi. Pimbi aliwekwa na Tembo, Kiboko na Nyati.

Kikao cha kwanza kilifanyika kantini. Chai ikaagizwa, mihogo ikaagizwa.

"Kwanza tupange uongozi," alisema Tembo. "Mimi Mwenyekiti."

"Mimi Makamu," alisema Nyati, akipuliza chai yake, fuu!

"Basi mimi Mlezi," alisema Kiboko na kupiga mwayo mkubwa. "Mlezi hashiki kazi. Mlezi anashauri."

"Na mimi?" aliuliza Pimbi.

Wakamtazama kama ndiyo kwanza wamemwona.

"Wewe, dogo, ndiye watendaji," alisema Tembo. Wote watatu wakacheka, kwa! kwa! kwa! mpaka vikombe vikatikisika.

"Lakini Mwenyekiti, jiwe la katikati ya mto siliwezi," alisema Pimbi. "Na ndilo la kutangulia. Maji yakijaa, pale katikati hapafikiki tena. Likichelewa hilo, yote yamechelewa."

"Hoja nzuri sana," alisema Tembo. "Tutaijadili kikao kijacho."

Kikao kijacho wakajadili rangi ya fulana za sare. Kilichofuata wakajadili kwa nini fulana ya Kiboko haimtoshi. Mawe hayakutajwa. Na huko milimani mawingu yalianza kujikusanya, meusi ti!

Pimbi akaenda mtoni peke yake. Akaegemeza bega kwenye jiwe moja la ukingoni, akasukuma. Hiii! Hiii! Jiwe halikutikisika. Akasukuma tena, miguu ikateleza, akaanguka kifudifudi, pwata! Hapo Pimbi alilia, wanangu. Alimlilia mama yake na majirani wa jabalini, akajililia na yeye mwenyewe, maana alijua kabisa kazi inavyotakiwa kufanywa na nguvu za kuifanya hana.

Siku iliyofuata kulikuwa na sherehe upande wa pili wa kilima. Simba, aliyekuwa mgeni rasmi, aliweka jiwe la msingi la ghala jipya. Tembo, Kiboko na Nyati walitoroka darasani, wakakaa mstari wa mbele. Pimbi aliwafuata ili awasihi kwa mara nyingine. Lakini alipowakaribia akaona macho yao. Simba alinyanyua jiwe, macho yakapanda nalo. Simba akaliweka, macho yakashuka nalo, kama watoto wanaotazama nyama ikigawiwa sahani nyingine.

"Jiwe lenyewe dogo," alinung'unika Tembo. "Kila siku Simba, Simba. Kwani wengine hatuna mikono?"

Pimbi hakusihi tena. Akarudi zake chumbani na wazo jipya kichwani.

Asubuhi akabisha nyumbani kwa Tembo.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu. Ila kama ni kazi, geuza."

"Si kazi, Mwenyekiti. Ni heshima. Mradi wetu hauna jiwe la msingi, na jiwe la msingi haliwekwi na kila mtu. Linawekwa na mgeni rasmi."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Na mgeni rasmi ni nani?"

"Mimi nilikuwaza wewe. Lakini naona Makamu naye..."

"Nyati? Nyati ana nini yule? Hebu nipishe! Jiwe liko wapi?"

"Lile jabali la ukingoni. La mgeni rasmi haliwezi kuwa dogo, watatucheka. Na liwekwe katikati ya mto, wa ng'ambo zote mbili walione."

Tembo akashuka mtoni kwa madaha. Akaliegemea jabali. Gru! Gru! Gruuu! Chubwi! Maji yakaruka mpaka juu ya miti. Pimbi alikwisha kuwaita kina Kanga, wakapiga vigelegele, na vifaranga wakarukaruka. Tembo akahutubia. Akashukuru, akakumbusha alivyozaliwa, akashukuru tena. Pimbi alipiga makofi huku jicho moja liko milimani, kwenye mawingu. "Malizia, baba," aliomba kimoyomoyo. "Malizia, jamani, mvua hiyo inakuja."

Kiboko aliyekuwa amelala chini kidogo ya hapo akaibuka kwa vigelegele vile.

"Mbona kuna shughuli na Mlezi hakualikwa?"

"Mheshimiwa Mlezi, tulikuachia ya kwako," alisema Pimbi haraka. "Msingi una pande mbili. Mwenyekiti amepewa jiwe moja. Wewe tumekuwekea mawili."

"Mawili?"

"Mawili, Mlezi."

Kiboko akayasukuma kwa pua, moja kushoto, moja kulia. Vigelegele tena. Tembo alipopata habari kwamba Mlezi ana mawili, akaacha chakula cha mchana sahanini. Akarudi mtoni na la kwake la kuongeza. Kiboko kuona vile naye akaongeza. Kila jiwe lilipoanguka, Pimbi alielekeza: "Hapo, Mwenyekiti, hapo ndipo penye heshima! Sogeza kidogo, Mlezi, ili jua likumulike!" Na kivuko kikawa kinatambaa kuelekea ng'ambo.

Likabaki pengo moja, karibu na ukingo wa pili. Mvua ikaanza kudondoka, to, to, to. Pimbi akamkimbilia Nyati. Huyu sasa hakuwa mwepesi.

"Ngoja kwanza," alisema Nyati, akimkodolea macho. "Jiwe la msingi ni moja. Ghala la Simba lilikuwa na moja. Mbona huku nasikia sherehe mchana kutwa? Unatuchezea wewe?"

Nyati mwenye hasira anajulikana. Na maji yalikuwa yanapanda.

"Kaka Nyati," alisema Pimbi, "ni kweli, msingi umekwisha. Ndiyo maana sikukuita mapema. Lililobaki ni jiwe la kukamilisha. Atakayepigwa picha na mradi ni yule aliyekamilisha. Lakini kama hutaki, Mwenyekiti amesema yuko tayari..."

"Nimesema sitaki? Nimesema hivyo?" Nyati alisimama. "Picha itapigwa upande upi?"

"Wa kulia, kaka. Pembe zinaonekana zote."

Nyati akabingirisha jiwe kwa pembe mpaka mtoni. Chubwi! Pengo likazibika. Pimbi akakaa chini palepale kwenye matope.

Kesho yake Profesa Korongo alikuja kukagua. Mto umevimba, maji yananguruma, vuuu! Kundi zima lilijipanga ukingoni na fulana zake.

"Shikamoo, Profesa!"

"Marahaba. Nani amesimamia mradi huu?"

"Mimi!" alisema Tembo. "Mimi!" alisema Kiboko. "Mimi!" alisema Nyati.

"Vizuri. Basi vukeni niwaone."

Tembo akatazama maji. Alijua yeye aliweka mawe ya sherehe tu, na kazi yenyewe hajui ilifanywa na nani. Wenzake nao walijua hivyohivyo.

"Atangulie Mlezi," alisema Tembo.

"Mimi huoga tu, sivuki," alisema Kiboko. "Atangulie Makamu."

"Mimi nina kikohozi," alisema Nyati, na akakohoa.

Pimbi akaruka jiwe la kwanza, la pili, tupu, tupu, tupu, hadi ng'ambo. Akageuka, anahema.

Profesa akatikisa kichwa. "Wewe hata jani linakubeba. Nilisema mdogo na mkubwa. Asipovuka mkubwa yeyote, sina mradi hapa, na itabidi niwafelishe wote."

Pimbi akasikia neno hilo ng'ambo ya maji. Akamwona kwa mawazo mama yake akiupokea mkoba mlangoni, majirani wakitazama. Akili ikamzunguka. Akageuka huku, akageuka huku. Palikuwa na mmea wa kutambaa wenye maua mekundu. Akaung'ata, kacha! Akaufunga kati ya vichaka viwili, mbele ya kivuko.

"Waheshimiwa!" alipaza sauti. "Utepe! Kuna utepe wa kukata huku! Mgeni rasmi ni nani?"

Loo! Tembo alikuwa wa kwanza. "Mwenyekiti ndiye hukata!" Kiboko nyuma yake. "Mlezi kwanza!" Nyati akasahau kikohozi. Tim! Tim! Tim! Wote watatu juu ya kivuko kwa pamoja, wanasukumana, mvua inawapiga, maji yanawapiga. Pimbi akafumba macho.

Mawe hayakutikisika.

Alipofumbua, watatu wale walikuwa ng'ambo wamejiviringisha na utepe, kila mmoja na kipande chake mdomoni.

Profesa Korongo akaruka, akatua pembeni. "Kimebeba," alisema. "Mmefaulu. Swali langu moja tu. Kwa nini jiwe la katikati lilitangulia?"

Tembo akatema ua. "Kwa sababu mimi ndiye mkubwa."

Profesa akamwinamia Pimbi. "Eti?"

"Maji yakijaa, Profesa, katikati hapafikiki," alisema Pimbi kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo heshima ya Mwenyekiti ilibidi ianze."

Tembo akalitazama jiwe la katikati, kisha yale mengine. Taratibu mguu wake mkubwa ukainuka.

"Kumbe zile sherehe..." alisema. "Kumbe mimi nilikuwa nabeba mawe!"

Pimbi akajificha nyuma ya mguu wa Profesa, mguu wenyewe mwembamba haufichi kitu. Lakini wakati huo mama Kanga alikuwa akipita na vifaranga vyake, wakasimama juu ya jiwe kubwa. "Ahsante, Mwenyekiti!" wakasema wote. Tembo akawatazama. Akamtazama Profesa. Akimpiga Pimbi, itabidi aeleze amempigia nini.

Akashusha mguu polepole.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema.

"Hata mimi," alisema Kiboko.

"Mimi ndiye niliyemwambia afanye vile," alisema Nyati.

Pimbi akaenda zake kantini, akaagiza uji, akaunywa wote, akaagiza mwingine.

Basi wanangu, funzo ni hili: anayependa sifa kupita kiasi anaweza kufanyishwa kazi yote huku akidhani anashangiliwa.