Kanda ya Bi Zaituni

Mbachao ni msala mkuukuu, uliochanika pembe, ambao mwenyewe huona haya kuutandika mbele ya wageni. Wahenga walitukataza kuuacha kwa sababu ya msala mpya unaopitishwa na mchuuzi. Mwanalima wa kisiwa cha Fuma aliijua methali hiyo tangu utotoni na wanawe aliwafundisha. Lakini kujua si kufuata.

Mbachao wake ulikuwa kanda. Humo marehemu mamake, Bi Zaituni, aliimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, beti saba, siku Mwanalima alipoolewa. Alikufa bila kumrithisha mtu beti hizo. Mwanalima mwenyewe alishika kiitikio tu. Sasa bintiye, Shamsa, angeolewa Alhamisi, naye alikuwa ameapa hatoki chumbani ila kwa sauti ya bibi yake.

Kanda ilikoroma, na kila mara ilibidi ikazwe kwa kalamu. Mwanalima akaona haya, akaipeleka Kismayo kwa Idarus, muuza muziki.

"Kanda zimepitwa na wakati, mama," Idarus alimwambia. "Nitakutilia kwenye sidii. Haikwami wala haikatiki."

"Mlisema hivyo hivyo mlipotuachisha santuri. Kila nikimaliza kununua, mwabadilisha."

Bei ilipotajwa, alishika kiuno.

"Basi niachie hiyo kanda, utoe nusu," Idarus alisema.

Hapo tamaa ikamwingia. Sidii ilijaribiwa dukani, Bi Zaituni akasikika kama yu mlangoni. Mwanalima aliiacha kanda mezani, akanunua na mashine ya sidii, akarudi kwao akijisifu.

Shamsa alitafuta mkobani. "Kanda yenyewe iko wapi, mama?"

"Ya nini tena? Sauti si hii hapa, inang'aa?"

Kosa lililofuata lilikuwa dogo, la mtu wa kisiwani. Aliona alama za vidole kwenye sidii, akaifuta kwa upindo wa leso, na leso ya Fuma haikosi mchanga. Kanda ilikula mchanga huo miaka ishirini na bado ikaimba. Sidii iliimba maneno matatu, ikakwama, ikawa inarudia yale yale kama kasuku. Shamsa aliinuka akaenda kulia uani.

Jumatano Mwanalima alikuwa Kismayo tena, akiitaka kanda yake.

"Nimesharekodi nyimbo nyingine juu yake," Idarus alisema bila kumtazama. "Kanda tupu hazipatikani siku hizi. Na kwenye kompyuta nimefuta, ilijaa."

Hakumtukana. Si alikubali mwenyewe, kwa kinywa chake? Aliinunua upya mali yake, tena kwa bei kamili ya kanda ya nyimbo, akitumaini kwamba huenda mwishoni pamesalia kitu.

Palisalia. Alhamisi alasiri wanawake walishika pembe zao za vugo, ngoma yao ya harusi, na redio kuukuu ikatolewa. Bi Zaituni aliimba kiitikio mara mbili, akacheka, kanda ikaisha. Wanawake waliitikia, kisha wakanyamaza wakingoja ubeti. Shamsa alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja nje, akimtazama mamake. Mwanalima alifungua kinywa amalizie, lakini hakuwa na la kuimba ila kile kile kiitikio.

Bibi harusi akatoka bila beti. Tangu siku hiyo Mwanalima hamfundishi mtu methali hiyo kwa maneno matupu. Humwonyesha ile sidii, inayong'aa hadi leo, akasema: usiache mbachao kwa msala upitao.