Chombo Kilichovaa Koti la Marehemu

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi, ni zamani hii ya rimoti na chaji, palikuwa na kijiji kando ya ziwa, ufuko wake umezibwa na magugu. Nisikilizeni vizuri. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" leo uji wangu hanywi.

Kijijini hapo aliishi Mafuru, fundi redio. Huyo alikuwa mtu asiyetulia. Akikaa, mguu unacheza. Akila, macho yako mlangoni. Aliwaza jambo moja tu: chombo kidogo cha kuongozwa kwa rimoti, kisicho na magurudumu, cha kupita juu ya maji na tope na magugu bila kuzama.

"Feni moja inapuliza chini," aliwaeleza watu. "Upepo unajaa ndani ya sketi, kitambaa kinachozunguka chini, chombo kinainuka. Feni ya pili iko nyuma, inakisukuma. Basi!"

"Sketi?" watu wakacheka. "Kwani hicho chombo chako ni bibi harusi?"

Cha kwanza alikiunda kwa mbao. Kikanguruma, kikatimua vumbi, hakikuinuka. Cha pili akakifunga mfuko wa nailoni. Kikainuka, mfuko ukapasuka, kikalala ubavu. Mafuru akaelewa: umbo liwe jepesi, sketi iwe imara. Kwa ajili ya umbo akaenda kwa Nyabise, msusi wa mikeka, mjamzito aliyekaribia kujifungua, akamwomba mafunjo makavu. Kwa ajili ya sketi akaenda kwa Nyanjura, fundi cherehani, mjane wa marehemu Mkama.

Nyabise alileta mafunjo siku ileile. Na Nyanjura? Ah, si mnawajua mafundi cherehani! "Njoo kesho." Mafuru akaja kesho. "Njoo kesho." Akaja tena. "Shemeji, harusi ni nyingi, hebu njoo kesho."

Basi umbo likawa tayari, feni zikafungwa, sketi hakuna. Mtu mwingine angengoja. Mafuru angewezaje? Akaanza kuwazia chombo kingine, kikubwa zaidi, na hicho kidogo hakijapuliza hata jani! Akamrudia Nyabise. "Dada, nikatie mzigo mmoja tena. Yale mafunjo ya kule mbele, ndiyo mazuri." Nyabise akachukua mundu wake, akaenda.

Sasa, kule mbele hapakuwa na ardhi. Palikuwa na mizizi iliyoshikana, imeegemea ufuko tu. Upepo ukageuka, mizizi ikang'oka, kisiwa kizima cha mafunjo kikaanza kwenda ziwani, Nyabise juu yake na tumbo lake.

Kati yake na ufuko yalitanda magugu, yale madogo yanayolala juu ya maji kama mkeka. Wakasukuma mtumbwi, ukakwama. Wakawasha injini, ikasongwa. Mmoja akajaribu kutembea juu ya magugu, akazama mpaka kifuani, wakamtoa kwa kumvuta nywele. Na mbele ya kisiwa kulikuwa na maji wazi na mawimbi, na mawimbi hukivunja kisiwa cha namna ile vipande vipande. Kila mtu pale alilijua hilo.

Masatu, mumewe Nyabise, alikimbia huku na huku ufukoni kama aliyemwagiwa siafu. "Atakayemfikishia mke wangu kamba, mtoto wangu atapewa jina lake! Atakuwa somo wake! Mungu anasikia na ninyi mnasikia!"

Mafuru akaleta chombo mbio. "Kinaweza kubeba uzi wa nyavu! Akiupata uzi, atavuta kamba. Lakini sketi, jamani! Sketi iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia Nyanjura. Nyanjura hakusema kesho. Alikimbia nyumbani akatoa koti la mvua la Mkama. Vitu vingine vyote vya marehemu ndugu zake waligawana baada ya arobaini. Yeye aliachiwa koti lile tu, na alikuwa akililalia kama mto. Cherehani ikaletwa ufukoni juu ya kichwa cha mtu. Akakata huku analia, akashona huku analia, na kisiwa kinakwenda.

Sketi ikafungwa, uzi ukafungwa, Mafuru akashika rimoti. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Chombo kikazunguka palepale kama kuku aliyechinjwa.

"Lete, kaka," akasema Kasase. Kasase ni yule kijana wa kushinda kwenye kibanda cha gemu, yule ambaye akina mama wakigomba na watoto husema, "Unataka uwe Kasase?" Akaichukua rimoti. Chombo kikatulia, kikainuka, kikapita juu ya magugu, uzi ukikifuata.

Katikati ya safari feni zikaanza kupunguza sauti. "Betri zinakufa!" Mafuru akapiga kelele. "Kirudishe! Kikifia hapo hatuna kingine!"

"Nikikirudisha, mwenzetu anakwenda," Kasase akajibu. Akakigeuza ubavu, akauacha upepo ukisukume, akibonyeza kidogo, akiacha, akibonyeza, akiacha. Kikafika karibu na kisiwa, kikazimika. Karibu, lakini hakikufika!

Nyabise akalala ubavu, akanyoosha mkono, akanyoosha mundu, akaunasa uzi. Akavuta. Kamba ikaja na tairi la ndani la lori, limejazwa upepo. Akajifunga. Kijiji kizima kikavuta, akaburutwa juu ya magugu mpaka ufukoni. Walipogeuka kutazama, kisiwa hakipo tena.

Uchungu ukamshika njiani. Akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye mapafu! Akalia. Akapewa titi, akakataa. Akalia. Na kwa watu wale, mtoto akilia hivyo na kukataa kunyonya, husema analilia jina. Haonji kitu mpaka aitwe jina lake.

"Aitwe Mafuru," akasema fundi. "Bila wazo langu kungekuwa na chombo gani? Wote mlinicheka." Mtoto akanyamaza.

"Na nani alimtuma mjamzito mafunjo ya chombo kingine?" akauliza Nyanjura. "Nani alisema kirudishwe?" Mtoto akalia.

"Aitwe Mkama," Nyanjura akaendelea. "Jina langu silitaki. Nimelikata koti la mume wangu kwa mkono wangu, sina tena kitu cha kumkumbukia. Nipeni jina lake niwe naliita." Mtoto akanyamaza.

"Koti ungelikata mapema, shemeji!" Mafuru akafoka. "Kesho, kesho! Ungeshona siku ya kwanza, ningekuwa na chombo changu, nisingehangaika na kingine." Mtoto akalia.

"Aitwe Kasase," kijana akasema. "Niliyekifikisha ni mimi. Na ninyi jina langu mnalitumia kutishia watoto. Nataka mara moja mama aliite akicheka." Mtoto akanyamaza.

"Na betri nani alizimaliza?" Mafuru akamrukia. "Asubuhi hukuchukua chombo bila kuniomba, ukawapepea wasichana kisimani kwa feni zangu?" "Niliwapepea kidogo tu, kaka," Kasase akasema. Mtoto akalia, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Na mundu wangu je?" Nyabise akasema kutoka kitandani. "Nao si ulifikisha kamba? Mimi sitaki jina, nataka mwanangu anyonye. Baba Mtoto, uliahidi wewe. Sema!"

Sauti ya mtoto inakauka. Masatu amemwinamia sikioni, kinywa wazi, na ana jina moja tu la kutamka.

Haya, ninyi mnaotazamana: je, nani alistahili kuwa somo wake? Semeni upesi, mtoto analia.