Kikombe cha Bi Mgeni

Akupaye kipimo akaficha kikombe, amekunyima. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno haya, mkacheka na kuuliza yametoka wapi. Basi kaeni msikilize, na wala si ya kuchekesha. Methali hii ilianza hivi.

Huko Pangani aliishi Bi Mgeni, ambaye mkate wake wa kumimina haukuwa na mfano. Hapakuwa na maulidi wala harusi ambayo hakuombwa kuuoka, naye alipenda kuombwa kuliko alivyoupenda mkate wenyewe. Mwanawe alipomwoa Maua, binti wa Muheza, Maua akaomba afundishwe. Bi Mgeni akamfundisha mbele ya mawifi, kwa sauti ya kusikika: vikombe viwili vya mchele uliorowekwa, kimoja cha sukari, kimoja cha tui zito, kijiko kimoja cha hamira na ute wa yai moja. Maua akayashika neno kwa neno.

Nyumbani kwake akachukua kikombe cha bati, kile walichonywea uji, akapima kama alivyoambiwa. Mkate haukuumuka. Akarudia, ukalala sufuriani mgumu kama kandambili. Mawifi wakaonja, wakatazamana, wakasema, "Mkono wake mzito." Na kwetu mwanamke akishaitwa hivyo, hata chai yake hunywewa kwa mashaka. Miaka ikapita, na Maua mwenyewe akaanza kuamini kwamba kasoro imo mikononi mwake. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote.

Kisha binti yake Hidaya akahitimu Kurani. Desturi yao ilikuwa mama wa mtoto aoke mwenyewe mkate wa kumpelekea mwalimu. Bi Mgeni akatangaza kwamba safari hii ataoka yeye, ukoo usije ukaaibika. Maua akalia jikoni peke yake, akajifuta uso, akaenda kwa mkwewe kurudisha mbuzi ya kukunia nazi.

Alimkuta Bi Mgeni anapima mchele kwa kikombe kidogo cha udongo kilichokatika mkono, ambacho hakikufika nusu ya kile cha bati. Alipomwona, Bi Mgeni akakifunika kwa ncha ya khanga.

"Mama, hicho ndicho kikombe cha mkate?"

"Kikombe tu, mwanangu. Kwani vikombe si vikombe?"

"Hamira yako kijiko kimoja, na yangu kijiko kimoja. Lakini mimi naitia kwenye mchele mara mbili ya huu. Utaumuka kwa nini?"

"Nilikufundisha mbele ya watu. Nani atasema nilikunyima?"

"Hesabu ulinipa, mama. Kikombe ulikifunika. Mkono wangu ukatukanwa miaka yote hii, nawe umekaa unasikia."

Maua akapiga goti, maana mkwe ni mkwe, akakitoa kikombe chini ya khanga na kuondoka nacho.

Mkate aliouoka uliumuka mpaka ukasukuma kifuniko. Siku ya sherehe ya Hidaya, mkate wa mwalimu ulipokwisha kutengwa, wanawake wakala uliobaki, wakasifu mkono wa Bi Mgeni. Hapo Maua akasimama, akakiweka kile kikombe kwenye sinia, kando ya mkate.

"Nimeoka mimi," akasema. "Kikombe chenyewe hiki. Kila mtu alete chake, ajaze maji, alinganishe. Akupaye kipimo akaficha kikombe, amekunyima."

Wakaja na vikombe vyao, mmoja baada ya mwingine, wakimimina maji na kupima. Bi Mgeni alikaa mkekani akitazama siri yake ikipita mikono yote ya mtaa. Tangu siku hiyo mkate ule unaokwa kila nyumba, na hakuna aliyekwenda tena kumbembeleza.

Wale mawifi, hata mmoja hakuomba radhi. Walisema tu kwamba mkono wa Maua umekuwa mwepesi. Mkono ulikuwa uleule, wanangu. Akupaye kipimo akaficha kikombe, amekunyima.