Jiwe la Nane Kwenye Baraza la Maji

Sogeeni, wajukuu zangu, na acheni kusukumana. Zamani, zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, mlima wetu ulipokuwa bado haujapewa jina, aliyeanza kumpa binti mmoja aitwaye Namkunda habari alikuwa mzee Senkondo, mfungua maji.

Ndiva mnaijua? Ni lile bwawa la udongo kule juu. Maji ya chemchemi huteremka kwa mfereji, hujaa ndivani usiku kucha, na asubuhi mtu huzibua yakaenda mashambani. Siku hizo mzibuaji alikuwa Senkondo. Na waliogawa zamu za maji walikuwa wazee saba, yeye mmoja wao, kila mmoja na jiwe lake la kukalia.

Sasa kazi ilikuwaje? Baragumu likilia, vijana hupanda. Tope hubebwa na vijana, ukuta huzibwa na vijana. Kazi ikiisha, wazee hukaa kwenye mawe yao, na vijana huambiwa, "Haya, nyumbani." Wanakwenda. Baragumu likilia tena, wanapanda tena. Na kazi ikiisha tena? Ndiyo, mmeshajua. Nyumbani.

Mchana mmoja Namkunda alikuwa anateremka na mzigo wa majani ya mbuzi, Senkondo akamsimamisha.

"Mjukuu wangu, kesho wazee tunakaa. Nyumba kumi za mkiani zitaondolewa kwenye zamu."

Namkunda akautua mzigo. Mkiani ni kule mfereji unakoishia, na nyumba ya mama yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Mahindi yao yalikuwa yamefika magotini. Wadogo zake watatu hawakuwa na shamba jingine la kula.

"Kwa nini, babu?"

"Maji yamepungua. Kila asubuhi tunatumbukiza fimbo ndivani, na kila asubuhi maji yako chini ya alama ya jana. Mvua zimetutupa."

"Hazijatutupa. Maji yanapotea njiani. Pale Kivindu, mfereji unapokata kona, jiwe moja limeng'oka upande wa bonde. Majani haya nimeyang'oa hapo. Kiangazi chote hiki, umeona wapi majani ya namna hii?"

Senkondo akayashika. Yalikuwa mabichi, na mizizi ina tope.

"Basi waambie wenzako, babu."

"Siwezi. Barazani mtu husema alichokiona kwa macho yake. Cha kuambiwa hakisemwi. Na magoti haya hayajafika Kivindu tangu wewe hujaota meno."

"Nani atasema, sasa?"

"Aliyeona."

"Mimi sina jiwe."

"Miguu unayo? Njoo nayo. Jiwe niachie mimi."

Kesho yake Namkunda akapanda nyuma ya Senkondo, mzigo wa majani kichwani, mikono imekufa ganzi. Kajiru, mzee mwenye jiwe kubwa kuliko yote, akawaona.

"Senkondo, umeoa tena? Mbona hukutualika?"

"Nimekuja na macho. Yangu yamechoka pamoja na magoti."

"Na mzigo huo? Sisi si mbuzi, binti."

Wazee wakacheka. Namkunda akangoja wamalize.

"Shikamoo, babu Kajiru. Hamtayala. Mtayashika tu."

"Hapa hasemi mtu asiye na jiwe," akasema Kajiru.

Hapo Senkondo akainuka, polepole, mkono kiunoni. Akalipangusa jiwe lake.

"Mimi sikuona. Aliyeona ni huyu. Simama hapa, mjukuu wangu."

Namkunda akautua mzigo, akapanda juu ya jiwe.

"Kivindu mfereji umebomoka. Tundu ni pana kama mikono yangu miwili. Nimeliona jana na juzi."

"Mvua zimepungua," akasema Kajiru. "Hayo ya Kivindu ni madogo."

"Babu, Kivindu umefika lini?"

Kajiru akafikiri. "Mwaka wa nzige."

Mwaka wa nzige, wajukuu zangu, mama yake Namkunda alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Namkunda akamgeukia wa pili. Wa pili akatazama fimbo yake. Akamgeukia wa tatu, wa tatu akakohoa. Wa nne akakumbuka ugoro wake. Mnaona? Kwa desturi yao wenyewe, asiyeona hasemi. Kwenye baraza zima aliyekuwa na neno ni mmoja tu, na alisimama juu ya jiwe la kuazima.

Kajiru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiburi na miguu mibovu, basi. Akanyoosha mkono.

"Nipe hayo majani."

Akayafikicha, akayanusa, akalitazama tope vidoleni.

"Sema tena, binti. Tangu mwanzo, na usiharakishe."

Siku hiyo hakuna nyumba iliyoondolewa zamu. Wakakubaliana kwenda kuona kwanza.

Basi ninyi mnaopanda kila siku, mkiona kitu, kipelekeni mahali kinapoamuliwa. Na sisi tuliokwisha kukaa, kazi yetu ni kusogea kidogo. Haya nawaambia sasa, kwa sababu kisa nataka kikomee kwenye alichofanya Namkunda asubuhi iliyofuata.

Alilichukua baragumu mkononi mwa Senkondo, akalipiga mwenyewe. Vijana wakapanda, na wazee wakapanda. Kajiru alifika nusu ya njia, vijana wawili wakambeba, naye akiwafokea, "Msinitikise, mimi si gunia." Kivindu wakayaona maji yakikimbilia bondeni. Wakaziba kwa jiwe jipya na udongo, wakashindilia kwa miguu.

Lile jiwe lililong'oka Namkunda alijitwisha, akateremka nalo mpaka barazani, akaliweka kando ya yale saba, tope lake bado bichi.

"Hilo la nani?" akauliza Kajiru.

"La yeyote aliyefika Kivindu mwaka huu, babu. Leo ni langu."

Akakaa. Wenzake wakakaa nyuma yake kwenye nyasi, na siku hiyo hakuna aliyewaambia, "Haya, nyumbani."

Kisa changu kimefika ndivani, nami nimekiziba. Kesho azibue mwingine.