Chonge za Mbwa

Kabla jino lolote halijajua ncha, wanyama wote wa Bonde la Mikoche walikuwa na meno mapana kama mbegu za boga. Yaliwatosha. Majani yalikuwa laini, matunda yalianguka yakiwa yameiva, na hakuna aliyeuliza jino la mwenzake limekaaje.

Mwaka mmoja mvua ikakosa kunyesha. Mwaka wa pili ikakosa tena. Majani yakapukutika, mizizi ikakauka ardhini. Kikabaki chakula kimoja tu: makoche, yale matunda ya mkoche yaliyo magumu kama jiwe. Meno mapana yaliteleza juu yake. Wanyama wakashinda na njaa huku chakula kimewazunguka.

Nungu, fundi asiyependa maneno mengi, ndiye aliyepata dawa. Alimwita Nyani, akamng'oa meno manne, mawili ya juu na mawili ya chini. Akayanoa kwenye jiwe kwa maji mpaka yakatoa ncha, kisha akayarudisha mahali pake kwa ulimbo. Nyani akauma koche. Pa! Koche likapasuka.

"Na wewe, fundi, hujichongi?" Nyani akauliza.

"Ncha nilizo nazo mgongoni zinanitosha," Nungu akajibu. Kisha akawatangazia wote: "Anayetaka ncha aje na kibuyu cha maji alichokiteka mwenyewe kwenye Kisima cha Ngeu. Jiwe halinoi kavu. Naye aseme kwa mdomo wake, 'Nichonge,' asije kesho akadai nimemng'oa kwa nguvu."

Kisima cha Ngeu kilikuwa mwendo wa nusu siku, chini ya shimo lenye tope jekundu. Kila aliyekwenda alirudi mwekundu mpaka magotini.

Simba alikwenda wa kwanza, lakini alipofika kwa Nungu akagoma. "Mfalme haombi. Mfalme huamuru."

"Basi mfalme ale majani," Nungu akasema, akaendelea kufuta jiwe lake.

Majani hayakuwapo. Simba akatazama kulia, akatazama kushoto, akanong'ona, "Nichonge." Alipopata meno yake akaketi pale pale kivulini, akiyaonyesha kwa kila aliyepita.

Fisi alikunywa nusu ya maji yake njiani. Kwa hiyo meno yake yakanolewa nusu tu, yakabaki manene. Hakujali. Akawa anazungukazunguka penye kazi ya fundi, akimeza chochote kilichodondoka.

Mbwa alikuwa akiishi na mama yake mzee, ambaye siku ya nne ilikuwa inapita hajatia kitu tumboni. Mbwa akashika njia alfajiri, akashuka shimoni, akajaza kibuyu. Njia nzima ya kurudi ulimi ulining'inia nje kwa kiu, lakini hakuonja hata tone.

Karibu na bonde akakutana na Sungura amekaa kwenye kisiki. Sungura alitaka meno. Safari hakuitaka.

"Ndugu Mbwa!" Sungura akaruka. "Uko wapi siku zote? Mama yako ameanguka, anakuita wewe tu!"

Mbwa akamsogelea. "Ameanguka wapi?"

"Mlangoni kwenu. Kimbia! Hicho kibuyu kitakuchelewesha, kiache hapa nikulindie."

Mbwa akakimbia. Akamkuta mama yake amelala palepale alipomwacha.

"Mama! Umeanguka?"

"Nitaangukaje, mwanangu," mama akajibu kwa sauti ndogo, "nami sina hata nguvu ya kusimama?"

Mbwa akaelewa. Akageuka mbio. Kisiki alikikuta kitupu, basi akainamisha pua chini, akaifuata harufu ya Sungura mpaka kwa Nungu.

Sungura alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Meno yake manne yalikuwa yamekwisha kung'olewa, yamepangwa kwenye jani, na Nungu ndiyo kwanza anafungua kibuyu.

"Fundi, simama!" Mbwa akabweka. "Maji hayo ni yangu!"

"Mwongo!" Sungura akaruka, maneno yakimvuja kwenye mapengo. "Nimeyateka kwa jasho langu. Huyu anataka kunichongea tu!"

"Hapa anayechonga ni mimi," Nungu akasema. "Mfalme, amua."

Simba akanyoosha shingo. Akamtazama Mbwa, mwekundu mpaka magotini. Akamtazama Sungura, miguu myeupe kama pamba.

"Sungura, umetoka kisimani na miguu hiyo?"

"Ndiyo, Mfalme. Nimeiosha."

"Kwa maji gani?"

Sungura akaificha miguu chini ya tumbo. Nyani akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mti kwa mti mpaka bonde lote likavuma.

"Maji ni ya Mbwa," Simba akaamua. "Wewe nenda kateke ya kwako."

Sungura akaenda, masikio yamelala mgongoni. Mbwa akalala chali akasema, "Nichonge." Kibuyu kilikuwa kimejaa, na Nungu akanoa bila haraka mpaka meno yakatoka membamba, makali, yaliyopinda kidogo kwa uzuri. Mbwa akakimbia nyumbani, akapasua koche, akatafuna nyama yake na kumlisha mama yake kidogo kidogo mpaka macho ya mzee yakapata mwanga tena.

"Fundi amekupa nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Nilimwambia tu, 'Nichonge,' akanipa haya."

Mama alikuwa hasikii vizuri; yeye alisikia, 'Ni chonge.' Akayagusa yale meno kwa pua. "Chonge zako nzuri," akasema. "Mungu azitunze chonge zako."

Mbwa hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Jirani akasikia, akalirudia neno, na mwezi haukuisha kabla bonde zima halijaita jino la ncha chonge, na kila aliyetaka kusifu chonge akazifananisha na za Mbwa.

Sungura alirudi kutoka kisimani jioni ya siku iliyofuata ile hukumu, mwekundu mpaka magotini, kibuyu kimejaa pomoni. Akajitupa mbele ya Nungu. "Fundi, nichonge!"

"Nichonge nini?" Nungu akauliza.

Sungura akatazama jani. Lilikuwa tupu. Kando yake Fisi alikuwa akijilamba midomo.

"Kumbe yalikuwa meno?" Fisi akasema. "Nilidhani ni karanga."

Ndiyo maana mpaka leo ukimfunua Sungura mdomo utaona meno ya mbele na ya nyuma, na katikati pengo tupu. Njia ya mwongo ni fupi.